RTTY au FT4? Kuchagua mashindano ya kidijitali ukirusha kutoka Mwanza

Ikikaribia Agosti, swali ni lilelile kwa sisi wachache tunaocheza na redio ya ridhaa kandokando ya Ziwa: niingie mashindano ya WW Digi wikiendi ya mwisho ya mwezi huo, au nisubiri CQ WW RTTY wikiendi ya mwisho ya Septemba? Mwenye nafasi, umeme wa uhakika na familia yenye subira ataingia yote mawili. Wengine tuna wikiendi moja tu ya kuombea ruhusa nyumbani. Naandika kwa ajili ya huyo mwenye wikiendi moja, redio ya wati 100, antena ya waya na laptopu ya kawaida, ambaye leseni ya TCRA anayo tayari na sasa anataka kujua atoe jasho wapi.

Kati ya njia hizi za kutuma maandishi kwa redio, RTTY ndiyo mkongwe. Ni teknolojia ya mashine za teleprinta: toni mbili zilizoachana kwa Hz 170, kasi ya baudi 45.45, kila herufi ikibebwa na biti tano tu. Unachochapa kinatoka kama kilivyo, bila kinga yoyote ya makosa. FT8 ilikuja mwaka 2017, kazi ya Joe Taylor na Steve Franke, na huyo Taylor ndiye aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 1993. Ujumbe mmoja mfupi huenda kwa karibu sekunde 13 ndani ya zamu ya sekunde 15, na kompyuta huusoma hata pale ambapo sikio halisikii kitu. FT4 ni mdogo wake, wa mwaka 2019, zamu zake zikiwa za sekunde saba na nusu. Ilitengenezwa kwa ajili ya mashindano, na ili kupata kasi hiyo imepoteza kidogo uwezo wa kusikia wanyonge. WW Digi ni FT4 na FT8 peke yake. CQ WW RTTY ni RTTY peke yake.

Nani anakutafuta

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, maana watu wengi hulinganisha mitambo wakasahau kulinganisha alama.

Kwenye CQ WW RTTY, kituo cha bara lingine kinakupa pointi 3, cha nchi nyingine ndani ya Afrika pointi 2, cha Tanzania pointi 1. Mjerumani pointi 3, Mmarekani 3, Mjapani 3. Kwenye WW Digi kinachohesabiwa ni umbali: pointi 1 kwa kila QSO (mawasiliano yaliyokamilika), halafu pointi 1 zaidi kwa kila kilometa 3,000. Berlin iko kilometa 6,400 hivi kutoka Mwanza, kwa hiyo ni pointi 3. New York na Tokyo, jambo ambalo linafurahisha kuliona kwenye ramani, ziko karibu umbali sawa kutoka hapa, kama kilometa 11,600 kila moja, na kila moja ni pointi 4. Nairobi ni pointi 1. Kwa pointi tu, basi, ngoma ni droo, na ukiwa na njia nzuri ya kwenda Japani au Marekani, WW Digi inakuwa mbele kidogo.

Mambo hubadilika ukifika kwenye vizidisho, yaani idadi inayozidisha pointi zako. Kwenye CQ WW RTTY kila nchi na kila kanda ya CQ (eneo la dunia lililopewa namba) ni kizidisho, tena kwa kila bendi, yaani kila kundi la masafa kama mita 15 au mita 10. Tanzania ni nchi, na iko kanda ya 37. Mtu wa Italia akikupata kwenye mita 15 anaweza kuondoka na vizidisho viwili kwa mpigo, na akikupata tena kwenye mita 10 anaondoka na vingine viwili. Huyo atakungoja, na atarudia kukuita hata mara kumi. Kolisaini (jina la kituo hewani) ya 5H, yaani ya Tanzania, ikishatokea tu kwenye mtandao wa taarifa za vituo, utaona skrini inavyojaa.

Kwenye WW Digi kizidisho ni herufi mbili za mwanzo za gridi, yaani msimbo wa mraba wa ramani ulipo. Mwanza ni KI67, Musoma ni KI68, Bukoba ni KI58. Lakini Nairobi nayo ni KI88, Dar es Salaam ni KI93, na Kigali imo KI58 hiyohiyo ya Bukoba. Wote ni KI. Mtu wa Nairobi mwenye antena ya maana akishawagawia Wazungu KI kwenye mita 15 asubuhi, wewe ukiingia mchana huna kizidisho kipya cha kuwapa kwenye bendi hiyo, una pointi za umbali tu. Wataendelea kukuita, kwa sababu pointi 3 ni bora kuliko ile 1 ya jirani yao, ila ile hamu ya kukupigania inapungua. Anayetaka kuonja ladha ya kuwa kituo adimu, dunia nzima imekugeukia, ataipata kwenye RTTY.

Skrini mbili

RTTY kwenye mashindano inasomeka hivi. Unaita CQ (wito kwa yeyote anayesikia), unanyamaza, na ndani ya sekunde mbili yanatiririka maandishi: nusu ya kolisaini ya mtu, herufi tatu za takataka, kolisaini kamili, takataka tena. Wamekujibu sita kwa pamoja kwenye masafa yaleyale, na programu imejaribu kuwasoma wote. Unakamata ile moja uliyoiona vizuri, unabonyeza kitufe, redio inatuma kolisaini yake na 599 37, yaani ripoti ya usikivu na kanda yako. Yeye anajibu 599 14 na umemaliza. Muda wote huo ni sekunde kumi na tano, ishirini.

Au anajibu TOO QR. Usishtuke. Zile biti tano hazitoshi herufi na tarakimu kwa pamoja, kwa hiyo mashine hutumia alama ya kubadili upande, kama kitufe cha shift. Alama hiyo ikimezwa na mkwaruzo, tarakimu zinasomwa kama herufi za vitufe vilevile: 5 inakuwa T, 9 inakuwa O, 1 inakuwa Q, 4 inakuwa R. Baada ya saa chache macho yako yanazoea kusoma TOO kama 599 bila kufikiri. Kanda yetu ya 37 ikipinduka hivyo inatoka EU, na kuna watu Ulaya wanabaki wanaduwaa: huyu 5H anasema yuko EU kwa vipi? Kwa hiyo kwenye kitufe chako cha majibu andika 37 mara mbili na uache nafasi katikati. Programu nyingi hurudi upande wa herufi zikikuta nafasi, na zikiwa zimewekwa hivyo zinalazimika kutuma alama ya tarakimu upya kwa kila 37.

FT4 na FT8 ni skrini nyingine kabisa. Kila zamu ikiisha, orodha inashuka: kolisaini, gridi, nguvu ya mawimbi, mistari ishirini au thelathini kwa pamoja, yote imesomwa safi. Unaita CQ, wanane wanakuita, na kwa kuwa kila mmoja yuko kwenye toni yake, unawasoma wote wanane. Unachagua mmoja, programu inafuata hatua: gridi yake, gridi yako na R (nimepokea), kisha RR73 (nimepokea, kwaheri). (RR73 yenyewe ni gridi halali pia, iko katikati ya Bahari ya Aktiki. Bado sijamsikia mtu akirusha kutoka huko.) Hakuna TOO wala EU. Ujumbe ama umefika mzima, ama haukufika.

Ndiyo maana wazee wa RTTY hutania kwamba FT8 ni kompyuta mbili zinasalimiana huku binadamu akilipia umeme. Utani huo una haki yake, ingawa sheria za mashindano haziruhusu kituo kijiendeshe chenyewe: ni lazima wewe uwe kwenye kiti na uanzishe kila QSO. Lakini kuna kazi ya akili hata humo. Nani umjibu kwanza, lini uhame FT8 kwenda FT4, lini uache kuita CQ uanze kuwinda. QSO ya FT8 yenye hatua zote inachukua kama dakika nzima, ya FT4 nusu yake. Bendi ikiwa imefunguka na unasikika, kubaki FT8 ni kujichelewesha. Unaowasiliana nao wakianza kukosa majibu yako, rudi FT8. Kwenye RTTY mwendo unategemea vidole na macho yako, na ukiwa na foleni ya watu wanaokutaka unaweza kuipita FT8 kwa mbali.

Radi za Ziwani

Anayeishi hapa anajua mawingu ya usiku. Nchi kavu inapoa, upepo unavuma kuelekea majini kutoka kila upande, hewa inakutana katikati ya Ziwa na kupanda, na hapo radi zinaanza. Bonde hili ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Kwenye redio maana yake ni kwamba mita 80 na mita 40 usiku ni makelele ya kupasuka yasiyokwisha.

Mkwaruzo mmoja wa radi kwenye RTTY unakula herufi moja au mbili, na zikiwa za kolisaini umekwisha, inabidi uombe arudie. FT8 imefungiwa ndani yake hesabu ya kurekebisha makosa, kwa hiyo ujumbe unaweza kupigwa na radi mbili tatu katikati na bado ukasomeka. Usiku wa radi nyingi kwenye mita 40, FT8 ni bora kuliko RTTY, sioni hata cha kubishania.

Ila kalenda inaipunguzia uzito hoja hiyo. Agosti kwetu ni kiangazi, na mwisho wa Septemba vuli inakuwa bado inabisha hodi. Tena kituo cha hapa, kilichokaa digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, chakula chake kikuu ni mita 15 na mita 10 mchana na jioni, na huko juu radi hazisumbui sana. Kinachosumbua ni kitu kingine. Baada ya jua kuzama, hasa miezi ya Machi na Septemba, tabaka la juu la anga karibu na ikweta huvurugika, na mawimbi yanafika yakitetemeka kama sauti ya mtu anayeongea mbele ya feni. Toni za FT8 zimeachana kwa Hz 6.25 tu, kwa hiyo mtetemo mkali unaweza kuzichanganya. Utaona mstari mweupe kabisa kwenye skrini na hakuna kilichosomwa. Za FT4 zimeachana zaidi, na za RTTY zaidi mno. Kwa hiyo ukiona saa mbili usiku FT8 inagoma ilhali vituo vinaonekana kwa nguvu, jaribu FT4 kabla hujaanza kufungua redio kutafuta ubovu.

Umeme, betri na joto la redio

Redio za siku hizi zinatangazwa wati 100, lakini wati hizo ni kwa sauti na msimbo wa Morse, ambavyo vina mapumziko katikati. RTTY ni mawimbi kamili kuanzia kubonyeza hadi kuachia. FT8 hivyohivyo kwa karibu sekunde 13 zake. Kwa zote mbili teremsha hadi wati 50 hivi isipokuwa kitabu cha redio yako kinaruhusu zaidi, na elekeza feni ya mezani kwenye mgongo wa redio. Joto la Mwanza mchana chini ya bati si mchezo.

Tofauti iko kwenye betri. Redio kama hiyo hunywa ampea kama 20 ikirusha wati 100, na ampea moja hivi ikisikiliza. Umeme ukikatika saa nne usiku, utabaki na betri ya sola na hesabu. FT8 inakuruhusu kushuka hadi wati 20 na bado ukafika Ulaya na kwingineko. RTTY kwa wati 20 inawezekana ukiwa wewe ndiye unayeitwa, kwa sababu ni 5H na watu watakaza masikio. Ukiwa ndiye unayewinda, unapanga foleni nyuma ya vituo vya kilowati na hakuna anayekuona.

Halafu kuna urefu wa shindano lenyewe. WW Digi ni saa 24: kwetu inaanza saa tisa alasiri Jumamosi na kuisha saa tisa alasiri Jumapili. Unaoga, unakula na familia, unalala. CQ WW RTTY ni saa 48: inaanza saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi na kuisha saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Mwajiriwa afikirie hiyo Jumatatu. Si lazima ukeshe zote, na kwa mtu anayetegemea betri ningesema rusha mchana, usiku ziache betri na wewe mwenyewe mpumzike.

Jambo dogo linaloumiza wote kwa usawa: vidhibiti chaji vya sola na taa za LED za bei poa vinapiga kelele kwenye bendi. Zima taa za nyumbani moja moja huku ukitazama mita ya redio. Utamjua mchawi.

Saa ya kompyuta

RTTY haina habari na saa ngapi. FT8 na FT4 zinakufa bila saa sahihi. Saa ya laptopu ikienda kombo kwa sekunde mbili, FT8 inaanza kukosa watu, na FT4 ina uvumilivu mdogo zaidi. Kwa kawaida intaneti ya simu inatosha kuirekebisha. Mtandao ukizimika pamoja na umeme, au ukiwa Ukerewe mahali ambapo simu inashika ukiwa juu ya jiwe tu, beba kipokezi kidogo cha GPS cha kuchomeka kwenye USB. Ukikikosa, tazama safu ya DT (tofauti ya muda) kwenye WSJT-X, programu ya FT8 na FT4: kama kila mtu anaonekana amechelewa kwa sekunde 1.2, aliye kombo ni wewe, sogeza saa yako kwa kiasi hicho.

Laptopu kuukuu nayo ina upendeleo. Bendi ikijaa, kusoma vituo thelathini ndani ya zamu moja ya FT4 ni kazi kwa prosesa, na mashine ya zamani inamaliza kusoma wakati zamu nyingine imeshaanza. Programu ya MMTTY kwa RTTY inakwenda kwenye kompyuta ambayo watoto wameshaikataa.

Antena, na uongo wa maji

Wageni hudhani kukaa ufukweni mwa Ziwa ni bahati kubwa kwa antena ya wima. Bahati hiyo ni ya watu wa Dar es Salaam na Tanga, wenye maji ya chumvi. Maji yetu hayana chumvi, hayapitishi umeme kama bahari, na miamba ya Mwanza ni granaiti, ambayo ni mbaya zaidi. Antena ya wima iliyosimikwa juu ya jiwe la Capri Point inapendeza kwenye picha tu. Waya wa dipoli uliovutwa juu, mita nane au kumi kutoka ardhini, kwenye mteremko unaotazama kaskazini, utakupa Ulaya kwa urahisi zaidi.

Kama waya wako uko chini, umepita juu ya bati na kukunjwa kona mbili kwa sababu kiwanja hakitoshi, jibu la swali letu limeshapatikana: WW Digi. FT8 inasamehe antena mbovu kuliko aina nyingine yoyote ya mashindano ninayoijua.

Kwa hiyo

Anayeanza kabisa, ambaye hajawahi kujaza logi (orodha ya mawasiliano) ya mashindano, aingie WW Digi. Saa ni chache, programu inamwongoza, usiku hakeshi, na Jumapili alasiri atakuwa na logi safi isiyo na kolisaini za kubuni.

Mwenye antena inayosikika, aliyeshaona FT8 ya kutosha siku za kawaida, nitamsukuma kwenye RTTY bila kusita, hata kama betri zitamruhusu saa kumi tu. Kanda ya 37 ina upungufu wa vituo kwenye RTTY, na kila saa utakayokaa hewani kuna watu wataifurahia kuliko wewe. Mimi binafsi nikilazimishwa kuchagua moja kwa mwaka, nachagua Septemba.

Aliyekosa zote mbili ana CQ WPX RTTY mwezi Februari. Huko kila kiambishi cha kolisaini ni kizidisho, unatuma namba ya mfululizo badala ya kanda, na mshiriki wa peke yake anaruhusiwa saa 30 tu kati ya 48, hivyo kulala ni sheria.

Ukishaamua, wiki moja kabla sikiliza masafa ya MHz 14.100, 21.150 na 28.200. Kuna minara 18 ya ishara (beacon) duniani inayopokezana hapo, sekunde kumi kila mmoja, na mzunguko mzima ni dakika tatu. 5Z4B ya Kenya utaisikia, hiyo isikudanganye. Subiri wa Japani, Marekani na Ulaya, andika saa wanazosikika kwako, na hiyo ndiyo ratiba yako ya bendi. Na siku yenyewe ikifika, usije ukaita CQ ya RTTY kwenye 14.100 yenyewe.